Mistari ya Nyuma

Mjukuu wangu wa kike ana kompyuta, na humo mna nyumba ya mistari mitupu inayojizungusha polepole, mbele na nyuma yote yaonekana. Nilipoiona juzi hapa Chaani, ilinijia puani harufu ya udongo mbichi.

Baba alikuwa akijenga nyumba za udongo. Alisimamisha nguzo, akafunga fito, nami nikimshikia kamba. Kabla majirani hawajaja kukandika udongo, nilisimama mlangoni nikaona mpaka ukuta wa nyuma, na nyuma yake jiko la jirani. Huyo jirani alikuwa na mdomo, lakini tumwache.

Siku moja mwalimu alituambia tuchore nyumba. Nikachora ya baba, na fito zake zote.

"We mtoto, huo ukuta wa nyuma umeuonaje?"

"Uko, mwalimu."

"Nyumba yaonekana mbele. Futa."

"Nikifuta, paa litakaa juu ya nini?"

Darasa zima likacheka. Nikala bakora, na nikaambiwa nisirudi mpaka niwe tayari kufuta.

Jioni baba aliutazama mchoro wangu kwa muda. "Nguzo umechora ngapi?"

"Nane."

"Basi nyumba imesimama."

Sikufuta, na shule sikurudi. Kuandika huku nimejifunza ukubwani.

Juzi mjukuu alinionyesha kidude cha kubonyeza. "Bibi, hapa mistari ya nyuma yajificha. Niifiche, nyumba ikae nadhifu?"

"Ondoa mkono," nikamwambia. "Iache izunguke."