Nyangumi Niliyemupandisha Lualaba

Naona haya kuwaambia hii mambo, ndugu zangu, lakini ikibaki moyoni itanioza.

Ilikuwa wakati wa vita, Kindu imefungwa, treni haiji, chumvi haionekani, na padri akasema atuonyeshe filme ya bahari katika ukumbi wa parokia ili watu wasahau kidogo, na kwa sababu filme ilisema Kifaransa wakanipa mimi kazi ya kutafsiri (mwalimu wa shule ya musingi, shati limepigwa pasi, kiburi mupaka masikioni). Akatokea munyama mweusi mwenye mabaka meupe, wakamuita "baleine tueuse". Nikapaza sauti: "Nyangumi muuaji!" Hapo njo ningenyamaza. Lakini watu walishtuka, nami nikapenda vile walishtuka, nikaongeza: "Anakulaka watu!" (Filme haikusema vile hata kidogo.)

Mama Zaina wa Alunguli akasimama. Bwana yake alikuwa amevuka muto Lualaba na mutumbwi, hakurudi.

"Mwalimu, anafikaka huku Lualaba?"

Ukumbi wote ukaniangalia. Nikasema, "Anafika, mama."

"Basi njo yeye alimumeza," akasema, akakaa chini, akalia.

Kesho yake akanyoa nywele, akaweka matanga, akaniita nirudilie maneno yale mbele ya ukoo. Nikarudilia! Ningeanzia wapi kukana?

Miaka imepita, ninafundisha bado, na nyangumi yule nawasimulia watoto kila mwaka, mupaka juzi, katika mukutano wa wazazi, binti ya Mama Zaina akasimama na telefoni mukononi. Mutoto wake alikuwa amefika nyumbani na somo langu.

"Mwalimu, nimesoma. Huyu anakula samaki, anakula sili, anakula hata nyangumi wakubwa. Mabaharia walimuita muuaji wa nyangumi, halafu jina likageuzwa kuwa nyangumi muuaji. Yeye hali watu. Na anaishi baharini, si hapa."

Akashusha telefoni.

"Baba alichukuliwa na watu, mwalimu. Kulikuwa na wavuvi walioona. Lakini baada ya matanga, hakuna mutu wetu aliyewauliza. Sasa nao wamekufa. Na mama alikufa akichukia samaki."

Nikaomba radhi pale pale, mbele ya wazazi wote, kama mwizi aliyeshikwa. Akatoka, akachukua mutoto wake aliyemungoja mulangoni, akaenda zake.

Siku hizi wanafunzi wakiniuliza jambo nisilolijua, nawaambia, "Sijui." Wanacheka sana, mwalimu muzima hajui! Nawaacha wacheke.