Ndoo Moja Kati ya Bahari na Ziwa

Dereva yule alikuwa mjomba wangu. Nililikana jambo hili kwa miaka miwili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mara moja kwa kutikisa kichwa tu. Alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, kitinda mimba wa nyumba yao. Na kwetu mjomba si ndugu wa kutajwa kwenye harusi na misiba tu. Ndiye mwenye watoto wa dada yake. Nilipokwenda kuanza sekondari ni yeye aliyenipeleka, juu ya lori la ushirika alilokuwa akiliendesha, nikiwa nimekalia magunia ya korosho kama malkia wa nchi maskini.

Halafu soko likaachiwa huru. Wanunuzi wa korosho wakaja na magari yao, lori la ushirika likaegeshwa nyuma ya ghala, majani yakaota hadi kwenye usukani, na mjomba akapunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake alikigeuza Landrova kuukuu, iliyokuwa na umri wa kunioa. Mimi nami nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimesomea maendeleo ya jamii, na jamii ilikuwa imeamua kuendelea bila mimi: serikali ilikuwa haiajiri tena.

Aliyetuokoa sote wawili, kama kuokolewa ndiko kule, alikuwa meneja mmoja wa pwani. Alikuwa na vibanda vya wageni kwenye ufuko wa bahari, na mshirika wake alikuwa na vibanda kama hivyo kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Katikati yao palikuwa na safari ya siku tatu, ikiwa barabara imeamka vizuri. Meneja akachapisha kikaratasi cha rangi: kutoka ufuko hadi ufuko, na dereva wako binafsi. Kulikuwa na ramani. Kulia bahari ya buluu, kushoto ziwa la buluu, na katikati, pale walipo Newala na Masasi na watu wote niliowahi kuwapenda, walichora twiga. Sijawahi kumwona twiga Newala. Nadhani naye angeuliza atakunywa nini.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Nilikaa kiti cha mbele, nimevaa blauzi ya mtumba yenye vifungo vya dhahabu, nikiamini kwa moyo wote kwamba meneja alinichagua kwa sababu ya Kiingereza changu.

Wageni wetu walikuwa watu waliolipa ili watoke kwenye maji waende kwenye maji. Sikuwaelewa wakati ule na siwaelewi sasa. Walikuwa wameishi wiki nzima mbele ya bahari, wakaichoka, na dawa ya kuchoka maji waliyoandikiwa ilikuwa maji mengine. Tandahimba waliipita wamelala, midomo wazi. Newala waliamka, wakasimama ukingoni, wakatazama bonde la Ruvuma lote limelala chini, na swali lililotoka ni kama kule chini kuna mahali pa kuogelea. Nililitafsiri swali hilo mara nyingi. Mjomba alijibu kila mara kwa adabu, "Waambie mamba wanaogelea."

Kumkana nilianza safari ya kwanza. Mgeni mmoja alitutazama usoni, mimi kisha yeye, akauliza kama ni ndugu. Pua zetu ni moja, hilo halifichiki. Nikasema hapana, ni dereva tu. Sikujua kwamba katika Kiingereza chote mjomba alikuwa na maneno kama kumi, na matatu kati yake nilikuwa nimeyatumia katika sentensi ile. Tulipoanza safari aliinamisha kichwa kidogo akauliza, "Madamu, tuondoke?"

Ikawa hivyo. Mbele ya wageni mimi ni madamu, yeye ni dereva. Tukibaki wawili garini, tukirudi tupu, ananitania: "Haya mpwa wangu, leo umenikana mara ngapi?"

"Mjomba, ni kazi tu."

"Najua ni kazi. Nauliza hesabu yake."

Kisa kilianzia Chilangala, kwa mama. Njia ilipita hatua chache kutoka mlangoni kwake, na hakuna mtu wa kwetu apitaye mlangoni kwa dada yake mkubwa bila kushuka kumwamkia. Ukipita, hujamnyima salamu tu. Umemtangazia kijiji kwamba amekufa. Kwa hiyo mjomba alisimamisha gari kila safari, na kila safari mimi niliwatafsiria wageni kwamba tunapoza injini. Yeye anashuka: "Shikamoo dada." "Marahaba mdogo wangu, hawajambo nyumbani?" Nami nashuka, nasema shikamoo mama, kama ambavyo mtu yeyote angemwambia mwanamke yeyote wa umri ule, na wageni hawakuwa na habari. Lugha yetu imejaa heshima kiasi kwamba mtu anaweza kujifichia humo.

Wageni walilalamika. Kwenye kikaratasi hapakuandikwa kusimama Chilangala. Malalamiko mawili yalifika pwani, na meneja akatuita ofisini. Alikuwa mtu wa kutembea na funguo nyingi kiunoni, nyingine hata milango yake haijulikani.

"Nyinyi watu wa bara mna salamu nyingi mno," alisema. "Hii ni biashara. Likija lalamiko la tatu, natafuta dereva mwingine mwenye gari lenye kiyoyozi."

Mjomba alijibu, "Nimesikia, bwana," na wote watatu tukajua kinachosubiriwa. Bila njia ile, Landrova ingerudi kubeba magunia ya korosho ya watu, msimu ukiwepo, na msimu usipokuwepo ingekaa uani kuku watagie ndani.

Safari ya tatu baada ya onyo tulibeba mume na mke, wote warefu, wote wekundu kwa jua. Kiangazi kile bomba la Chilangala lilikuwa limekauka. Maji yalikuwa Kitangari tu, kwa foleni, na mama aliyafuata alfajiri kwa miguu. Nilimwomba mjomba tupite bila kusimama, angalau siku hiyo moja.

"Madamu," alisema, ingawa wageni walikuwa wamelala na hapakuwa na haja, "mimi nimezaliwa na mtu, sikuzaliwa na gari." Akasimama.

Mama alitoa ndoo yake. Kwetu mgeni akitoka safari anapewa maji anawe uso, na mgeni mwenye akili anachota kiganja kimoja, anashukuru, anarudisha. Mama aliiweka ndoo kivulini na kata juu yake. Yule mke akafurahi sana. Akavua viatu, akaanza kuosha miguu, kwa sababu mchanga wa ufukweni ulikuwa bado unamkera katikati ya vidole. Mume akaenda garini akaleta miwani yake ya kuzamia na vile viatu vya mpira vinavyofanana na miguu ya bata. Akavisuuza taratibu, kimoja kimoja. Kilichobaki akamwagia kioo cha Landrova, nadhani kama zawadi kwetu.

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na shahada na Kiingereza chote kile. Nilitazama juu, kama mtu anayekagua hali ya hewa.

Mama alitazama ndoo, akamgeukia mdogo wake. "Hawa wametoka wapi?"

"Baharini, dada."

"Wanakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Yaani wametoka kwenye maji, wanakwenda kwenye maji, na pa kuogea wamepaona hapa?"

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwetu aliyemaliza maji ya nyumba haondoki mpaka ayarudishe. Hilo halijadiliwi, hata mtoto analijua. Alichukua ndoo, akachukua na madumu mawili ya mama, akayapakia nyuma, akawafungulia wageni mlango kwa heshima zote. Wakapanda wakidhani safari inaendelea. Akageuza gari kuelekea Kitangari.

Kwenye bomba la Kitangari foleni ilikuwa ndefu, na wanawake walishachoshwa na kungoja vya kutosha kutupokea vizuri.

"Baba, hao wazungu umewaleta kuteka maji?"

"Wameyamaliza ya dada yangu. Wanayarudisha."

"Basi washuke wabebe! Mbona wamekaa kama maharusi?"

"Shingo zao ndefu, ndoo itayumba," mwingine akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko. Hakuna aliyetupisha mbele. Mume alishuka akapiga picha za foleni kwa nusu saa, kabla hajaelewa kwamba naye yumo ndani yake. Mke aliniuliza mara nne kinachoendelea. Nilimwambia dereva ana matatizo binafsi, na kwamba naomba radhi kwa niaba ya kampuni. Kampuni! Tulikuwa watu wawili na Landrova.

Tulirudi Chilangala saa mbili baadaye. Mjomba alijaza mtungi wa mama, akamwekea na ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Mke wa yule mtu alikuwa amekasirika kwa utulivu, kama wanavyokasirika watu wenye kalamu. Alinyoosha kidole kwa mama, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwetu, akaniuliza kama ninamfahamu bibi yule.

Nikatikisa kichwa.

Mama hakujua Kiingereza, lakini kichwa kikitikiswa hakihitaji mkalimani. Alinitazama kidogo, bila hasira, kama unavyomtazama mtu uliyemfananisha. Kisha akamwambia mjomba, "Nenda salama, mdogo wangu. Na huyo msichana wa watu, umfikishe salama pia."

Njia nzima hadi Masasi mjomba hakuniita hata madamu.

Wageni tuliwafikisha ziwani. Waliandika lalamiko lao hukohuko, kurasa mbili, mshirika akalituma pwani kwa faksi. Sisi tukarudi tupu. Masasi tulilala kwenye nyumba ya wageni ya siku zote, Mkomaindo, si mbali na hospitali, ambako mama mwenye nyumba alikuwa na simu ya mezani iliyofungwa kufuli dogo kwenye namba zake. Kupokea ilikuwa bure. Kupiga, mpaka ufunguo utoke kifuani mwake.

Asubuhi tukiwa kwenye chai simu ikalia. Meneja, ananitaka mimi. Mjomba aliendelea kuchovya muhogo wake kwenye chai.

"Nimepata faksi," meneja alisema. "Umewahi kusikia mtu analipa apelekwe ufukweni, anapelekwa kwenye foleni ya bomba? Niambie ukweli. Yule bibi mwenye ndoo ni nani kwa dereva?"

"Ni dada yake."

"Umejuaje?"

Mama mwenye nyumba alikuwa anafuta meza ileile kwa mara ya tatu. Nikasema, "Ni mama yangu. Dereva ni mjomba wangu."

Nilitegemea kishindo. Nilikuwa nimeitunza siri ile kwa miaka miwili kama yai. Nilisikia tu funguo zake zikigongana.

"Hilo najua," alisema. "Siku ya kwanza alipoleta gari alisema halitoki bila mpwa wake kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nimeshapata mkalimani, mwanamume, ana Kiingereza na Kifaransa. Nilikuchukua kwa sababu nilihitaji gari."

Kilichonichoma kwanza, naona aibu kukiandika, si mjomba. Ni kile Kifaransa.

"Sasa sikiliza. Jana jioni alinipigia kutoka hapohapo ulipo. Amesema haningojei nimfukuze, anaacha mwenyewe, ila ameomba wewe ubaki. Dereva mpya anakuja na gari lake Jumatatu. Halisimami popote. Utabaki, hutabaki?"

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amemaliza muhogo na anakusanya makombo kwa kidole, kwa makini, kana kwamba meza ile ni ya kwake. Palikuwa na majibu mengi ya heshima. Yote nimeyapata baadaye, na mengine nimeyachapisha katika makala zangu kuhusu utu na soko.

"Nitabaki," nilisema. "Asante."

Nikaweka simu. Mama mwenye nyumba akaja na kufuli lake, akalibana, akatutazama mmoja baada ya mwingine, pua kwa pua.

"Heh! Miaka yote hii mnalala kwangu. Kumbe huyu ni mjomba wako?"

Mjomba akanyanyuka, akavaa kofia yake, akajibu kabla yangu.

"Hapana, mama. Mimi ni dereva tu."