Mazoezi ya Jumatatu

Jirani yangu, fundi cherehani, huanza upya mazoezi kila Jumatatu. Ikifika Jumanne hupumzika, maana mwili nao una haki zake. Huvaa raba nyeupe pee, akafunga kamba za mguu mmoja, akashika ukuta avute pumzi, ndipo agombane na mguu wa pili. Sukari ameacha kabisa, isipokuwa ya chai, na ya keki za watu, kwa heshima tu. Jana nilimsikia mkewe akimsihi, “Baba, daktari hakutania.” Akamjibu kwa kicheko, “Mwanzo mgumu, mama watoto.” Alipofika mlangoni kwangu kicheko kilikuwa kimekwisha. Alinishika mkono. “Jirani, twende wote,” akanong’ona. “Naogopa moyo utanisimama nikiwa peke yangu.” Nikaingia ndani kutafuta viatu, kitambi changu kikinitangulia.