Posa ya Uongo ya Mama Safi

Katika soko la Kindu, madereva wa malori walimwogopa Mama Safi kuliko askari wa barabarani. Alifika mjini kutoka Tunda baada ya vita vya waasi, mjane, beseni la karanga kichwani na binti akimshika mkono. Mwaka ule serikali ilipozitwaa shule za dini, beseni lilikuwa limekwisha kuwa kibanda, na kibanda kilijaa mapipa ya mawese. Hakufika hapo kwa huruma ya mtu. Aliwahi kukalia magunia ya mchele ya dereva mmoja wa Kailo aliyekataa bei yake, jua likamchoma, mvua ikamnyeshea, mpaka dereva akasema, "Chukua, mama, chukua, usije ukanifia hapa."

Hata masomo ya binti yake aliyapata kwa mapatano. Lisee, shule ya sekondari ya wasichana, ilikuwa mikononi mwa watawa, masere kama watu walivyowaita, na Waislamu wenzake walimwita barazani kwa jina lake la utotoni, wakamcheka: "Mwanahamisi, mutoto atarudi na musalaba shingoni!"

"Shingo njo yake," akajibu. "Mimi natafuta kichwa."

Akaenda kwa Masere Philomène, mkuu wa shule. Akampa masharti: yeye ataleta mafuta ya jikoni, binti yake Safi hatatia mguu kanisani. Masere alicheka mpaka miwani ikamteleza, akakubali.

Mama Safi hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. Katika shule za mchanganyiko wavulana walikaa mbele na wasichana wakafagia. Pale lisee aliyekaa mbele alikuwa msichana, aliyepiga kengele msichana, aliyeshika ufunguo wa maktaba msichana. Aliyezoea kushika ufunguo haporwi ovyo, ndivyo alivyopiga hesabu. Vita vilikuwa vimekula miaka ya Safi, kwa hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na bado mwaka mmoja apate diploma ya ualimu. Akiwa nayo atakuwa na mshahara wake na neno lake. Asipokuwa nayo, atakuwa na beseni.

Kisha misalaba ikabanduliwa, picha ya Kiongozi wa nchi ikapigiliwa palepale kwenye alama nyeupe zilizobaki ukutani. Masere wengi wakapanda treni kwenda kusini. Philomène akabaki, mwalimu wa kawaida tu, na ukuu wa shule akapewa Sitwayen, yaani Raia, Onema, mwanamume mnene wa abakosi, lile koti lisilovaliwa tai, lililopigwa pasi kama karatasi, mwenye kuongea kwa upole sana.

Masomo ya mchana yakageuka ngoma za Chama tawala. Mwanzoni akina mama walisimama kwenye ua wakacheka kuona mabinti wao wakikata viuno kumsifu Kiongozi. Halafu akaja mkubwa mmoja kutoka Kinshasa, akatazama, akaenda zake. Wiki iliyofuata wasichana warefu walipandishwa ndege. Sherehe ya taifa, waliambiwa, safari fupi. Mvua zikaisha, kiangazi kikaingia, kitanda cha mmoja wao, Adolphine, akapewa mwingine bwenini. Mama yake alipokwenda kuuliza, Onema alimkaribisha kiti, akamwambia binti analitumikia taifa, na kwamba mzazi anayeuliza mara ya pili huwa anakiuliza Chama. Mama yule hakuuliza tena. Akawa hata sokoni anapita njia ya nyuma.

Kuteuliwa hakukutangazwa. Msichana alipewa kitenge cha kijani chenye uso wa Kiongozi, basi. Alasiri moja Safi aliingia nyumbani nacho kwapani, akakiweka juu ya meza ya chakula. Mama yake akakiondoa, akapafuta pale kilipokuwa.

Alikwenda kwanza kwa Masere Philomène.

"Shule ya wasichana peke yao ni ukuta, Mama Safi," masere alisema kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. "Watu walidhani tumeujenga kuwafungia watoto. Tuliujenga kuzuia wa nje. Sasa mlango anaushika wa nje. Mpeleke mbali."

"Na diploma?"

Masere akamfungulia mlango.

Akaenda kwa Onema na dumu la mafuta. Onema alilitazama, akatabasamu. "Mama, hapa si soko."

Hapo ndipo alipokumbuka mila. Katika nyumba za Waungwana, Waislamu wa zamani wa Kindu, binti aliyepokelewa posa hatoki kucheza mbele ya wanaume. Hata wakubwa wa Chama walilijua hilo. Nusu yao bibi zao walitoka nyumba hizohizo. Kumgusa mchumba wa mtu kulikuwa kuuita msikiti mzima mlangoni. Akamwendea Musafiri, fundi baiskeli, jamaa wa marehemu mumewe, mtu mtaratibu asiye na mke.

"Lete posa," akamwambia. "Ya maneno tu. Upepo ukipita, tunaivunja."

Musafiri alikubali upesi, upesi kuliko ilivyofaa, na Mama Safi, aliyekuwa akisoma nyuso za wanunuzi tangu alfajiri hadi magharibi, siku hiyo hakusoma. Ijumaa baada ya sala wazee walipita barabara nzima na sinia, kilemba cha posa juu yake, wanawake wakapiga vigelegele. Kufikia jioni mji wote ulikuwa na habari.

Jumatatu akaenda lisee na kitenge kimekunjwa vizuri.

"Mutoto iko na muchumba, Sitwayen. Mila yetu unaijua."

"Naijua, mama. Pongezi." Onema akakipokea kitenge kwa mikono miwili. "Na vitabu alete pia."

"Vitabu vya nini?"

"Muchumba ya muntu hasomi lisee. Ile njo sheria ya masere wenyewe."

"Masere walienda!"

"Walienda, mama. Sheria ilibaki."

Sheria hiyo aliijua. Masere waliiweka ili baba mwenye tamaa aogope kupokea posa kabla ya diploma, na Mama Safi mwenyewe aliwahi kuisifu. Alidhani imepanda treni pamoja nao.

Akatoka hapo moja kwa moja kwa Musafiri, avunje posa mbele ya wazee. Musafiri alikuwa akiziba tairi, hakuinua kichwa.

"Mama mukwe, kilemba nilikitoa mbele ya watu. Nikirudishiwa nitaitwa mutoto."

"Tulipatana maneno tu, Musafiri!"

"Wewe njo ulipatana. Mimi nilioa."

Safi alisikia yote jioni ile. Hakulia, hakubishana. Asubuhi mama alikuta mkeka mtupu, na jirani akamwambia amemwona binti kwenye gari la Chama, amejifunga kitenge cha kijani.

Kwenye uwanja wa ndege injini zilikuwa zinanguruma. Alipenya kati ya askari kwa viwiko, akamshika Safi mkono chini ya ngazi ya ndege.

"Nani alikutuma?"

"Nilienda mwenyewe, mama. Prefe Onema amesema anayecheza hafukuzwi, mila au si mila. Nikirudi nakaa darasani kwangu."

"Amesema mbele ya nani?"

Safi akatazama pembeni.

"Mbele ya nani, Safi?"

"Mbele yangu."

Askari akauondoa mkono wa mama kwa adabu, kidole kimoja kimoja, na mlango ukafungwa.

Mwezi ulikwisha, Safi hakurudi. Mama Safi hakwenda kuuliza kwa Onema hata mara ya kwanza. Aliuza kibanda kwa mtu wa Obokote, mapipa na yote, akashuka bandarini kutafuta nafasi kwenye boti la Ubundu. Kutoka Ubundu treni hadi Kisangani, kutoka Kisangani meli hadi Kinshasa. Masere Philomène alimfuata mpaka ukingoni mwa mto.

"Kinshasa ni pakubwa, Mama Safi. Utaanzia wapi?"

"Kwa akina mama wa sokoni. Wanaona kila kitu."

"Kilingala unakijua?"

"Cha kuombea maji."

Boti lilijaa mpaka ukingo. Alipata pa kukaa kati ya mbuzi na magunia ya mihogo, mgongo kwa mji. Nyuma yake, juu ya kilima, ngoma za lisee zilikuwa zimeanza tena.