Kaniki ya ukoo iko chumbani kwangu na mkwe wangu anashika kiuno

Nifichieni jina, ingawa wa kwetu wakisoma watanijua tu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, darasa la saba, nakaanga samaki Mbegani na sijawahi kurudi nyumbani na samaki aliyekosa mnunuzi. Nina watoto wawili. Wa kiume ameoa na tunaishi naye. Wa kike, nimwite Nasra, anasomea maabara chuoni, na nasema bila kuona haya, katika ukoo wote wa baba yake hakuna kichwa kama hicho. Kichwa kile kimetoka kwetu.

Ukoo wa mume wangu ni wa Msata, na wana kaniki yao, kitambaa cheusi cha tangu mababu. Kila mtoto akizaliwa lazima aviringishwe humo mpaka kitovu kidondoke. Haifuliwi. Inafukizwa ubani, inapakwa mafuta ya nyonyo, inarudi sandukuni kwa wifi yangu mkubwa anayeitunza, maana wanasema ukiifua umewafukuza wazee. Mwaka jana mkwe wangu alijifungua mtoto wa kiume, mzuri, kafanana na mimi. Akaviringishwa. Kitovu kikavimba, kikatoa usaha, mtoto akawa wa moto kama kaango, na hospitali tulifika tumechelewa. Tukazika. Wifi akasema ni kazi ya Mungu, nami nikanyamaza.

Nasra hakunyamaza. Alipokwenda kumsalimia shangazi yake alikata kipande cha pindo la kaniki, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Nikamuuliza kwa nini hakupangusa tu. Akaniambia, "Mama, ukipangusa unapata wa juujuu. Wadudu wenyewe wamejishika ndani ya nyuzi." Kule chuoni anakitikisa kipande kwenye maji maalumu mpaka wadudu waachie, anadondosha maji yale kwenye kisahani chenye kitu kama jeli, anakiweka penye joto. Kesho yake vinakuwa vimeota vidoa, ndivyo anavyovihesabu. Alikata na khanga yangu iliyofuliwa, apate ya kulinganisha. Ya kwangu vidoa vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, nilivyo msafi. Kisahani cha kaniki kilifunikwa chote, hata pa kuanzia kuhesabu hapakuwepo.

Sasa mama gani asingeonyesha? Tulipokwenda Msata kwenye harusi, tuko uani tunatwanga vitunguu saumu vya pilau, nikawatolea wifi zangu simu yenye picha ya visahani aliyonitumia Nasra. Khanga yangu huku, kaniki yao kule. "Mwanangu huyo," nikasema. "Anaona msiyoyaona."

Wifi mkubwa aliitazama picha, kisha akamwita Nasra. "Njoo, daktari. Uliikata kwa mkono upi?"

Mtoto kwa adabu zake akaunyoosha wa kulia. "Huu, shangazi. Nisamehe, sikuomba ruhusa."

Wifi akanyanyua mchi akaushusha kwenye kifundo cha mkono ule. Nilisikia mfupa. Akaushusha tena, na wifi wa pili akamkamata Nasra nywele asikimbie, akimwambia, "Na haya mapigo hesabu, msomi."

Mimi ni mpole, aulizwe yeyote Mbegani. Ila niliokota mbuzi ya nazi nikampiga nayo wifi mkubwa begani, meno yakazama, nikampiga tena, kisha nikamng'ata yule wa pili mpaka akaziachia nywele za mwanangu. Damu ilirukia mchele wa harusi. Wanaume walipotutenganisha, mume wangu alinizaba kofi mimi, mbele ya watu. Mimi, si dada zake.

Nasra amewekewa chuma kwenye mkono wa kuandikia. Kesi ziko polisi, sisi kwao na wao kwetu. Vijana wa ukoo wamekuja wakaivunja meza yangu ya samaki na kurusha mawe kwenye bati tukiwa ndani. Ndipo kikao cha ukoo kikaamua: kesi zifutwe, na mjukuu aliye tumboni mwa mkwe wangu aviringishwe kaniki hiyohiyo, ukoo ujue hatuudharau. La sivyo mume wangu ameapa kunipa talaka, na yeyote atakayeigusa kaniki atamkata. Amekabidhiwa na dada yake, kaitundika chumbani kwetu, na panga kaliweka chini ya kitanda, upande ninaolala mimi. Mwanangu wa kiume anaogopa laana, kakubali. Mkewe ananishika miguu tu, analia.

Nikamnong'oneza Nasra kwamba nitaichemsha kwa siri, niipake nyonyo, niifukize, hakuna atakayejua.

"Ichemshe, mama, mtoto atakuwa salama," akasema. "Lakini huyu akipona watasema mnaona, kaniki haina kitu, Nasra alitudanganya. Halafu itarudi kuwaviringisha wengine, na hao hawatakuwa na bibi wa kuwachemshia." Akaupakata mkono wake wenye chuma kama anapakata mtoto.

Mume wangu katoka kwenda msikitini. Mkwe wangu anashika kiuno tangu asubuhi. Sufuria nimeshalibandika na maji yanaanza kutokota. Ninyi mliozaa na mkazika, niambieni: niichemshe kimya, mjukuu apone na mwanangu aitwe mwongo na mkono wake umevunjwa bure? Au niikatae mchana kweupe, na panga liwe panga? Nijibuni upesi, atarudi sasa hivi.