Chale za Katekisimu

Nilipoolewa Ushirombo, miaka ya sabini, nilikuta nyumba nzima inatafuta dawa ya akili. Mgonjwa alikuwa baba mkwe. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa na ng'ombe wengi, na maneno mengi kuliko ng'ombe. Ila katekisimu ilimkataa. Mara mbili alikwenda misheni kutahiniwa kabla ya Pasaka, na mara zote mbili Padri alimrudisha nyumbani akasome tena.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Yeye alibatizwa tangu utoto, kisha akampenda mpagani mwenye ng'ombe, wakaoana kimila. Kwa hiyo hakuruhusiwa kukomunika mpaka mume abatizwe na ndoa ifungwe kanisani. Kila Jumapili watu walipoinuka kwenda altareni, alisogeza magoti pembeni ili wapite, akabaki kwenye benchi anasokota pindo la khanga. Mimi nilikaa karibu naye, na niliona haya kumpita.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, kazi ya kumfundisha mzee ikaniangukia. Sasa kwetu mkwe na mkwe hawatazamani usoni, sembuse kubishana juu ya Utatu Mtakatifu. Tukapata njia: mimi jikoni nasonga ugali, yeye nje ameegemea ukuta, maswali yanapitia dirishani.

"Baba, ni nani aliyekuumba?"

"Mungu."

"Amri ya kwanza inakataza nini?"

Nasikia anaondoka kwenda kumwangalia ndama ambaye hana shida yoyote.

Samaki mkunje angali mbichi, na baba mkwe alikuwa ameshakauka siku nyingi. Lakini nyumba haikukata tamaa. Shemeji yangu, aliyekuwa akifanya biashara huko Chato, alileta kikapu cha vichwa vya sato waliokaushwa, maana alisikia kwamba ubongo wa samaki unanoa ubongo wa mtu. Tulikula vichwa mpaka paka akawa anaondoka akiona sufuria inabandikwa. Katekisimu haikuingia, ila baba mkwe alinawiri, na mimi sikulalamika, maana mchuzi ulikuwa mtamu.

Baadaye shemeji akaleta chupa ya toniki kutoka duka moja la Kahama. Ilikuwa na picha ya bwana mwenye paji la uso pana linalong'aa. Ilitakiwa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Baba mkwe alipiga hesabu zake: kama kijiko kinaleta jibu moja, chupa italeta kitabu kizima. Mchana mmoja akaimaliza nusu. Nisimwonee shemeji, ilifanya kazi. Siku ile alijibu maswali yote bila woga, hata ambayo sikumuuliza, na mengine aliyaimba. Kesho yake kichwa kilimpasuka, na hakukumbuka hata kama tulisoma. Niliinusa ile chupa, ikanukia pombe yenye sukari.

Kwaresima ilipokaribia kwisha, wakwe zangu wote wawili wakaaga kwamba wanakwenda kumwona ndugu mgonjwa. Baba mkwe alirudi amevuta kofia hadi masikioni. Kesho yake akawa anatia kwenye uji unga wa mizizi aliorudi nao. Kufika mchana anatetemeka, macho yamemtoka, moyo unamdunda hadi shati linacheza. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Kisha akaingia jikoni, mkwe wangu mzima, akanikazia macho na kuniuliza hii ni nyumba ya nani.

Hapo utani wote uliniisha. Niliogopa, nikajua tunamzika. Mama mkwe aliumwaga unga ule chooni, akamnywesha maziwa, akakaa naye mpaka akili zilipomrudia. Siku zilizobaki mzee alikuja ukutani mwenyewe, na mama mkwe alikaa naye pale nje akimrudishia kila jibu, taratibu, kama anayemlisha.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye baraza ya misheni, wanaotahiniwa mbele, sisi jamaa nyuma.

"Mzee, vua kofia," Padri alisema.

Akavua. Kwenye panja, huku na huku, kulikuwa na chale mbichi, nyeusi kwa dawa. Watu wakaguna. Padri akaziangalia, kisha akaanza kuuliza. Baba mkwe akajibu moja baada ya jingine, sauti haitetemeki.

"Na amri ya kwanza inakataza nini?"

"Inakataza kuabudu miungu mingine, kupiga ramli, na kwenda kwa waganga kutafuta dawa."

"Na hizo chale?"

Baba mkwe akazigusa. "Hizi, Padri, nilichanjwa ili nilikumbuke hilo jibu."

Baraza nzima ikacheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Aliinuka.

"Padri, usimrudishe. Kwa mganga nilimpeleka mimi. Hata kuku wa mganga alikuwa wangu."

"Wewe, Mama? Mkristo wa tangu utoto?"

"Nimechoka kukaa kwenye benchi, Padri."

Kicheko kikakatika. Padri alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mzee, umefaulu," akasema. "Mama, wewe njoo kuungama."

Shemeji anasema mpaka leo kwamba ni vile vichwa vya sato. Mganga naye, nasikia, alijisifu. Mama mkwe hakudai kitu.

Mkesha wa Pasaka mzee alibatizwa na ndoa ikafungwa. Waliketi benchi la mbele kama maharusi, chale zinang'aa kwa mafuta. Ulipofika wakati wa komunyo watu wakaanza kuinuka, na mama mkwe, kwa mazoea, akasogeza magoti pembeni ili wapite.

Baba mkwe akamshika mkono. "Mama, inuka," akamwambia. "Wanatusubiri sisi."