Kitambaa cha Ampli ya Alimbongo

Nusu ya spika za mbao zinazopigwa Butembo, masanduku yake yametoka mikononi mwa Gamaliel. Hiyo ni hesabu yake mwenyewe, na Gamaliel ni mtu wa kutia chumvi, lakini si uongo mtupu. Ukipita mbele ya karakana yake kule Mususa utamkuta na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anagonga sanduku kwa kidole na kutega sikio. Miaka thelathini amewatengenezea watu wengine. Nyumbani kwake muziki ulitoka kwenye simu iliyotumbukizwa ndani ya kikombe.

Mwaka huu alisema basi, inatosha. Alijitengenezea jozi yake kwa mbao za mvule alizozifuata mwenyewe Beni, akazing'arisha mpaka ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Ilibaki mashine ya kuzisukuma, yaani ampli. Na hapo ndipo mzee wa watu alipokosa usingizi, maana zilikuja mbili. Ya kwanza aliletewa na Jephté, fundi wa redio wa jirani: ampli ya transista, nyembamba, nyeusi, nyepesi. Ya pili ilitoka Alimbongo kwa mkulima mmoja, Mzee Ésaïe, aliyeirithi na hakuwa na kazi nayo. Hiyo ilikuwa ya lampe, zile taa za kioo za zamani zinazowaka ndani yake. Walikubaliana: Gamaliel atamtengenezea kabati, naye atoe ampli. Asipoipenda, airudishe Jumatatu. Gamaliel aliileta kwa pikipiki, ameipakata njia nzima, akimpigia dereva kelele kila walipokutana na shimo.

Mtu angedhani alichotaka ni sauti nzuri. Alitaka, ndiyo. Lakini zaidi ya sauti alitaka Joyeuse, mkewe, akae chini. Tangu waoane hajawahi kukaa naye sebuleni kusikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ni mwimbaji, alto, ile sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya ya kanisa, lakini ukimwita kukaa jibu ni lile lile: "Niko na sufuria ku moto."

Na huyu Joyeuse ana mambo yake. Kwake hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, mikono ya viti ina vyake, jagi la maji lina chake, mpaka picha ya harusi imevikwa. Kitu kisicho na kitambaa, kwa Joyeuse, ni mgeni tu, kesho kitaondoka. Ile ampli ya Jephté ilivikwa kabla ya saa moja kupita. Gamaliel aliona, akajua upande wa mkewe ni upi.

Ya Alimbongo ilipofika Ijumaa, Joyeuse aliivika pia, kwa heshima zote. Gamaliel akaiwasha bila kuwaza kitambaa, akatoka kutafuta waya. Aliporudi, moshi ulikuwa unapanda na kitambaa cheupe kimeshika rangi ya chai.

"Mama Christa!" alimpigia mkewe kelele. "Unatuchomea nyumba!"

Joyeuse alikikwapua, akakitazama kile kitambaa kilichoharibika, kisha akaitazama mashine. "Ni kitu gani hii yenye haiwezi kuvaa?" akasema, na akaenda zake jikoni.

Jumamosi baada ya kazi Jephté alikuja kwenye majaribio. Waliweka wimbo mmoja, ule wa Pasaka ambao kwaya ya Joyeuse ilirekodi. Kwanza transista. Lo! Gitaa la besi liligonga mpaka vikombe vikacheza kabatini.

"Papa Gamaliel, minakuambia kweli," Jephté alisema. "Hii unafinya bouton, inaimba. Ile ingine inakula courant ya umeme mingi, na lampe ikikufa utaitafuta wapi? Hapa Butembo hakuna."

"Ngoja ipate moto kwanza," Gamaliel alijibu, akihamisha waya. Lampe zilianza kuona haya, zikawa na rangi ya machungwa. Kimya. Halafu kwaya ikaingia, na Gamaliel alisimama wima bila kujua amesimama. Besi haikugonga kama mwanzo, hapana. Lakini watu walikuwa mle ndani! Sauti za juu hapa, wanaume kule nyuma, na kabla ya ubeti wa pili, upande wa kushoto, pumzi ikavutwa.

Joyeuse alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani njo alipumua pale?"

"Ni ninyi, ba alto," Gamaliel alisema.

Uso wa Joyeuse ulibadilika, akageuka, akarudi jikoni. Jioni ile alishika tu uzi na sindano yake ya kufumia. Gamaliel akajilaumu: amemuaibisha, kumsikilizisha anavyohema mbele ya Jephté!

Basi Jumapili, baada ya ibada na chakula, alifanya uamuzi uliomuuma kwelikweli. Alileta blanketi, akachomoa waya, akaanza kuifunga ampli ya Alimbongo.

"Unaipeleka wapi?" Joyeuse alikuwa nyuma yake.

"Kwa mwenyewe. Hii haivai kitambaa, Mama Christa. Tutabaki na ya Jephté."

Joyeuse alimsogeza kwa kiwiko, akatandaza juu ya meza kitambaa kipya, kikubwa, chenye ua kila upande. Kilikuwa na matundu manne. Gamaliel alikishangaa mpaka alipoambiwa anyanyue mashine. Akainyanyua, akaishusha, na miguu yake minne ikaingia kwenye matundu sawasawa. Joyeuse alikuwa ameipima kwa uzi, Gamaliel hayupo.

"Kitu ya moto hatuifunikake kichwa," Joyeuse alisema. "Tunaitandikia."

Gamaliel aliunganisha waya, akacheka peke yake, akawasha na kuweka ule wimbo wa Pasaka. Lampe zilipopata rangi, Joyeuse alivuta kiti, akaketi.

"Na maharage ya jioni?" Gamaliel aliuliza. "Iko ku moto. Itaungua."

"Iache iungue. Rudisha pale penye tulipumua."